Simbomilia, QR, Data Matrix au Bokode: alama ipi inafaa bidhaa ndogo za Zanzibar?

Mzalishaji mdogo wa Unguja au Pemba anayetaka bidhaa zake zitoke kwenye meza ya soko la Darajani na kuingia katika rafu za supamaketi hukutana mapema na swali la alama ya kusomwa na mashine. Kwa kawaida bidhaa zake hazina umbo moja: ana pakiti ya karafuu ya gramu 50, ana chupa ya mafuta ya karafuu ya mililita 10, ana kipande cha sabuni ya mwani, na pengine ana kasha la zawadi lenye viungo vitano ambalo wageni hulinunua baada ya kutembezwa mashambani Kizimbani. Biashara ya karafuu kwa magunia iko chini ya ZSTC, shirika la serikali la biashara la Zanzibar, na ina utaratibu wake, kwa hiyo hapa tunazungumzia bidhaa zilizofungashwa tu. Alama zinazoweza kulinganishwa ni nne: simbomilia ya kawaida yenye mistari, ambayo wengi huiita bakodi, msimbo wa QR, msimbo wa Data Matrix, na Bokode, kitone cha nuru chenye upana wa milimita 3 kilichobuniwa ili kichukue nafasi ya bakodi.

Watu wengi huanza kwa kuuliza ni alama ipi iliyo ndogo zaidi. Nadhani hilo ni swali la pili. La kwanza ni nani atakayeisoma alama hiyo, kwa chombo gani, na akiwa umbali gani, kwa sababu alama ambayo keshia hawezi kuisoma haina kazi kwenye pakiti hata ikiwa ndogo kama chembe ya pilipili manga.

Simbomilia: tarakimu 13 na mahitaji yake

Simbomilia ilisomwa kwenye kaunta ya duka kwa mara ya kwanza tarehe 26 Juni 1974 katika supamaketi ya Marsh, mjini Troy, jimbo la Ohio nchini Marekani, na bidhaa iliyosomwa ilikuwa pakiti ya chingamu ya Wrigley. Aina inayotumika zaidi kwetu ni EAN-13, ambayo hubeba tarakimu 13 na hakuna kingine. Bei haimo ndani yake, wala uzito, wala jina la mzalishaji. Mashine ya duka huisoma nambari na kuitafuta katika orodha yake yenyewe. Nambari zinazotolewa na GS1 Tanzania, tawi la shirika la kimataifa linalosimamia nambari za bidhaa, huanza na 620, na tarakimu hizo tatu zinaonyesha mahali nambari iliposajiliwa, si mahali bidhaa ilipolimwa. Mdalasini kutoka nchi nyingine uliofungashwa na kampuni yenye usajili huo utabeba 620 vilevile, kwa hiyo anayedhani tarakimu hizo zinathibitisha asili ya viungo vyake anazitwisha mzigo usio wao.

Tarakimu ya 13 ni ya kuhakiki, na ni vyema mzalishaji aweze kuikokotoa mwenyewe ili asipelekewe lebo zenye kosa kutoka kwa mchapaji. Tuchukue nambari 200000000015, ambayo ni ya mfano kwa sababu nambari zinazoanza na 200 hadi 299 zimeachiwa matumizi ya ndani ya duka. Tarakimu zilizo katika nafasi za witiri huhesabiwa kama zilivyo, na zilizo katika nafasi za shufwa huzidishwa kwa 3. Hapa 2 iko nafasi ya kwanza na 1 iko nafasi ya 11, zote za witiri, ilhali 5 iko nafasi ya 12, ambayo ni ya shufwa; jumla ni 2 na 1 na 15, yaani 18. Kinachohitajika ili kufikia kumi kamili inayofuata, yaani 20, ni 2, na hiyo ndiyo tarakimu ya 13. Mchapaji akileta lebo inayoishia na tarakimu nyingine, mashine itaikataa.

Udhaifu wa simbomilia ni nafasi inayoichukua. Kipimo chake cha kawaida, pamoja na pambizo tupu za kushoto na kulia, ni milimita 37.29 kwa 25.93, na viwango vinaruhusu kupunguzwa hadi asilimia 80, ambayo ni karibu milimita 30 kwa 21. Kwenye pakiti ya gramu 50 hilo si tatizo. Kwenye chupa ya mililita 10, ambayo kipenyo chake ni kama sentimita 2.5 na mzunguko wake haufiki sentimita 8, alama hiyo hula zaidi ya thuluthi moja ya mzunguko, na bado lebo inatakiwa ibebe jina la bidhaa, ujazo, tarehe na anwani. Isitoshe, mistari iliyosimama wima hupinda pamoja na chupa, na ile ya pembeni hukimbia macho ya mashine. Dawa yake ni kuigeuza alama ilale ubavu, ili mistari ipangane kama vidato vya ngazi kutoka chini kwenda juu. Kwa namna hiyo kupinda kwa chupa hufupisha tu urefu wa kila mstari unaoonekana na hakugusi upana wake, na upana ndio unaosomwa.

Rangi nayo huwaponza wengi. Skana nyingi za kaunta hutumia mwanga mwekundu, na mbele ya mwanga huo mstari mwekundu juu ya karatasi nyeupe huonekana mweupe, yaani hauonekani. Mistari myeusi juu ya njano husomeka vizuri, jambo linalowafaa wenye lebo zenye rangi ya manjano. Kosa ninaloliona mara nyingi kwenye vibanda vya viungo ni kuchapa mistari moja kwa moja juu ya mfuko unaopenya mwanga. Mfuko ukiwa mtupu alama inasomeka; ukijazwa karafuu, nafasi zilizokuwa nyeupe baina ya mistari zinageuka hudhurungi iliyoiva, na mashine haioni tofauti. Mfuko wa aina hiyo unahitaji kipande cha wino mweupe kichapwe kwanza chini ya alama, au stika nyeupe.

Hata hivyo, kwa anayeuza dukani, hakuna njia ya kuikwepa simbomilia leo. Skana za leza ambazo bado ziko kwenye kaunta nyingi husoma kwa kupitisha mistari ya mwanga tu, hivyo haziwezi kusoma alama yoyote ya visanduku, iwe QR au nyingine.

Msimbo wa QR: msomaji ni mnunuzi

QR ulitoka Japani mwaka 1994, katika kampuni ya Denso Wave, na timu yake iliongozwa na Masahiro Hara, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Ukubwa wake huanzia visanduku 21 kwa 21 na kufikia 177 kwa 177, na ule mkubwa kabisa hubeba hadi tarakimu 7,089. Una kinga ya kujirekebisha katika viwango vinne, cha juu kikiweza kuvumilia takribani asilimia 30 ya alama kuharibika. Kwa bidhaa za mafuta kinga hiyo si anasa: mafuta ya karafuu huyayusha baadhi ya wino na hushambulia baadhi ya plastiki, na tone moja lililochuruzika kutoka mdomoni mwa chupa huacha njia iliyofifia kwenye lebo. Simbomilia iliyofutwa hivyo mistari kadhaa kutoka juu hadi chini haisomeki tena. QR wenye kinga ya juu mara nyingi bado husomeka.

Faida yake kubwa ni kwamba msomaji wake ni mtu yeyote mwenye simu janja. Mgeni aliyenunua kasha la viungo anaweza kufungua ukurasa unaoeleza iliki hii imetoka shamba gani na namna ya kuipika, na watu wa hapa wamekwisha kuuzoea kupitia stika za kulipia kwa simu madukani. Gharama ni wino tu.

Kuna tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba QR unaobeba anwani ya wavuti ni hai kwa muda ambao anwani ile iko hai. Huduma nyingi za kutengeneza QR bila malipo huingiza anwani yao wenyewe katikati, na muda wa majaribio ukiisha, lebo 5,000 zilizokwisha kuchapwa zinampeleka mnunuzi kwenye tangazo la kulipia. Ni bora kuchapa anwani ya tovuti yako mwenyewe, fupi, moja kwa moja. Ya pili ni pambizo: QR huhitaji eneo tupu lenye upana wa visanduku vinne kila upande, na wasanifu wa lebo hupenda kulijaza maua ya mkarafuu.

Shirika la GS1 limejiwekea lengo kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 2027 kaunta za maduka duniani ziweze kusoma alama za visanduku pamoja na za mistari, ili QR mmoja ubebe nambari ya bidhaa kwa ajili ya keshia na anwani kwa ajili ya mnunuzi. Minimaketi za Mlandege na Chake Chake zitafuata kwa kasi ya mashine zao, kwa hiyo kwa miaka kadhaa ijayo ni busara kuziweka alama zote mbili, zikiachana vya kutosha ili skana isizichanganye.

Data Matrix: alama ndogo inayotumika kweli

Anayetafuta udogo kwa ajili ya chupa na vyombo vidogo anapaswa kuitazama Data Matrix kabla ya kuota kitu kingine. Unaijua kwa pande zake mbili zenye mstari mweusi usiokatika, zinazokutana kwenye kona, na pande mbili zilizobaki zenye vipande vya kupishana. Huanzia visanduku 10 kwa 10, ambavyo hubeba tarakimu 6, hadi 144 kwa 144, na pambizo yake ni kisanduku kimoja tu kila upande. Viwanda huichonga kwa leza juu ya chuma, na Umoja wa Ulaya umekuwa ukiitaka kwenye dawa nyingi za kuandikiwa na daktari tangu Februari 2019.

Hebu tuipime kwa chupa yetu ya mililita 10. Tunataka alama ibebe nambari ya bidhaa, tarehe ya mwisho wa matumizi, na nambari ya bechi yenye tarakimu 6. Pamoja na viashiria vya kila taarifa, zinafika tarakimu 32, na hizo zinaingia katika visanduku 18 kwa 18. Kisanduku kimoja kikichapwa kwa robo ya milimita, alama yote pamoja na pambizo ina upana wa milimita 5. Linganisha na simbomilia ya milimita 30 isiyobeba tarehe wala bechi. Lakini robo ya milimita inahitaji printa nzuri. Ile ya bei nafuu inayotumia karatasi ya joto hutanua kingo za visanduku, na karatasi yenyewe hufifia ikiachwa juani au karibu na moto.

Kasoro yake ni msomaji. Keshia mwenye skana ya leza haioni, na si kila kamera ya simu huisoma bila programu ya ziada. Kwa hiyo Data Matrix ni alama ya mzalishaji mwenyewe: ya kujua chupa hii ilitoka bechi ipi pale mteja anapolalamika kwamba mafuta yamebadilika harufu. Kwa anayefikiria kuuza kwa viwanda vya vipodozi vya nje, ambavyo vina mashine za kuisoma, inakuwa zaidi ya hapo.

Bokode: kitone cha nuru

Bokode ilioneshwa mwaka 2009 na watafiti wa Media Lab ya chuo cha MIT nchini Marekani, wakiwamo Ankit Mohan na Ramesh Raskar. Wazo lake ni zuri kiasi kwamba linastahili kuelezwa taratibu hata kwa asiyekusudia kulitumia.

Ndani ya kitone cha milimita 3 mna vitu vitatu: taa ndogo ya LED nyuma, filamu yenye michoro midogo sana ya visanduku katikati, na lenzi ndogo mbele. Visanduku vya filamu ile vina upana wa mikromita 15, yaani karibu visanduku 66 katika milimita moja. Filamu imewekwa mahali ambapo lenzi huigeuza kila nukta ya mchoro iwe fungu la miale inayokwenda sambamba. Ukikitazama kwa macho unaona nukta yenye mwanga na basi. Ukielekeza kamera ambayo lenzi yake imelengeshwa mbali kabisa, kama vile unapiga picha ya upeo wa bahari ukiwa Forodhani, kila fungu la miale hukusanyika mahali pake kwenye kihisio cha kamera. Ile nukta inatanuka na kuwa duara kubwa lenye ukungu, na ndani ya duara mchoro unaonekana wazi, umekuzwa mara nyingi. Kuvurugika kwa picha, ambako wapiga picha hukuepuka, hapa ndiko kunakofanya kazi.

Matokeo yake ni kwamba watafiti waliweza kukisoma kitone hicho kwa kamera ya kawaida ya dukani kutoka umbali wa hadi mita 2. QR, kwa kanuni ya kukadiria ambayo wachapaji wengi huitumia, husomwa vyema kwa umbali usiozidi mara kumi ya upana wake, kwa hiyo ili usomwe kutoka mita 2 unahitaji upana wa sentimita 20. Milimita 3 dhidi ya sentimita 20 ni tofauti inayomvutia mtu yeyote. Zaidi ya hapo, filamu imejaa michoro mingi iliyopangwa bega kwa bega, na kamera huona sehemu tofauti kulingana na upande iliposimama, hivyo kitone hueleza pia pembe na umbali wa anayekitazama. Hakuna alama ya wino yenye ukubwa huo inayoweza kufanya hivyo.

Lakini ile mita 2 ni ya kamera ya aina gani? Sehemu ya mchoro inayoonekana hutegemea upana wa tundu la lenzi ukigawanywa kwa umbali. Kamera yenye lenzi ya milimita 85 iliyofunguliwa hadi f/1.8 ina tundu la kama milimita 47, yaani 85 ukigawanya kwa 1.8. Simu ina tundu la milimita chache, tuseme 4. Kwa uwiano huo, kile ambacho kamera kubwa inakiona kutoka mita 2, simu itakiona ikisogezwa hadi karibu sentimita 17. Katika umbali huo QR wa upana wa sentimita 2 unasomeka bila shida, bila taa, bila lenzi, na bila mteja kulazimika kuikataza simu yake isijilengeshe yenyewe. Hapo ndipo ninapoona hoja ya kuweka Bokode kwenye pakiti inapovunjika kwa mnunuzi wa kawaida.

Kuna bei pia. Vielelezo vya kwanza viligharimu kama dola 5 kila kimoja, sehemu kubwa ikiwa ni ya lenzi ya kioo, na ingawa wabunifu walitarajia ishuke sana kwa uzalishaji wa wingi, lenzi na taa haviwezi kushindana na wino kwenye pakiti ya karafuu. Taa inahitaji betri. Watafiti walipendekeza pia aina isiyo na umeme, inayorudisha mwanga wa kamera ulikotoka, lakini hiyo humtaka msomaji awe na kamera yenye mpangilio maalumu wa mwanga. Na kwa anayeishi visiwani, lenzi ya milimita 3 iliyoachwa wazi kwenye upepo wa chumvi wa Paje au Nungwi hupata utando ambao mtu hauoni kwa macho na kamera huuona.

Hayo hayaifanyi Bokode kuwa mchezo. Inafaa pale ambapo kitu kimetulia mahali pake, kamera ni ya mwenye nyumba, na nafasi ya kubandika ni adimu. Ninafikiria milango ya nakshi ya Mji Mkongwe, ambayo stika ya sentimita 20 ingekuwa tusi juu yake, au vyombo vilivyopangwa ndani ya makabati ya kioo katika jumba la makumbusho, ambako kamera iliyofungwa ukutani ingeweza kujua kila chombo na upande kilipoelekea bila mtu kukigusa. Katika ghala pia, mashine inayotembea ingeweza kujua mahali ilipo kwa kuvisoma vitone vya darini.

Uchaguzi kwa kila bidhaa

Pakiti ya gramu 50 inayokwenda dukani ipewe EAN-13 kwa ukubwa usiopungua asilimia 80, nyeusi juu ya nyeupe, na QR wa sentimita 2 upande wa nyuma. Kasha la zawadi ambalo halipiti kwenye kaunta, linalouzwa mkononi mwa mzalishaji huko Kizimbani au Kidichi, linatosheka na QR peke yake. Ada ya usajili wa nambari inaweza kusubiri hadi supamaketi ya kwanza ikubali kulipokea. Sabuni ya mwani inategemea ufungaji wake: ikiwa imefungwa kwa karatasi ya kaki, stika nyeupe haina budi, kwa kuwa rangi ya kaki hupunguza tofauti ambayo mashine inaitafuta.

Chupa ya mililita 10 ndiyo ngumu. Ikiwa inauzwa ndani ya kiboksi, simbomilia ikae kwenye kiboksi, na Data Matrix ya milimita 5 yenye bechi na tarehe ikae kwenye chupa yenyewe, sehemu ya chini ya lebo, mbali na njia ya mafuta. Ikiwa inauzwa bila kiboksi, EAN-8 yenye tarakimu 8 huombwa kwa GS1 kwa ajili ya vifungashio vidogo kama hivi, na ichapwe ikiwa imelala ubavu.

Kabla ya kulipia lebo 5,000, chapa kumi kwa printa ileile na karatasi ileile, bandika kwenye chupa iliyojaa, dondoshea moja mafuta, acha nyingine juani kwa wiki moja, kisha zipeleke zote kwa keshia wa duka unalokusudia kumuuzia na umwombe azisome kwa skana yake.